Luvua Juu ya Triplex

Kizito tumemzika wiki iliyopita, na bado nimemkasirikia. Najua si neno la kusema juu ya marehemu, na kule kwenye kilio sikulisema. Nilikaa na wanawake wenzangu chini ya turubai, nikaimba walipoimba, nikalia walipolia, nikala bukari, ugali wetu, kwa mboga za lenga-lenga nilipopewa sahani. Lakini siku ya pili mjane wake, Mama Grâce, ambaye kabla ya hapo tulikuwa tukisalimiana tu sokoni, aliniita kando karibu na jiko la nje, akaniuliza jambo lililoniharibia wiki nzima. Alisema Kizito katika ugonjwa wake alikuwa akitaja mara kwa mara sokle fulani yenye mto, na kila alipomwuliza ni kitu gani, alijibu kwamba amwulize Béa. Basi ananiuliza. Na watoto wanataka kuona picha. Nikamwambia picha haipo. Akanitazama kwa namna ya kuona ninamficha kitu, na kusema kweli ningekuwa mahali pake ningeona hivyo hivyo, maana mtaa mzima uliona hivyo mwaka ule. Nikajaribu kumweleza pale pale, sufuria zikigongana nyuma yetu na wapishi wakimwita kila dakika, nikashindwa. Nilirudi nyumbani na hasira. Mtu amekaa na jambo miaka yote hiyo bila kulieleza hata kwa mke wake, halafu anaondoka na kuniachia mimi kazi ya kulieleza.

Nianze na kitu chenyewe, maana hata jina lake la Kiswahili sina. Kuna watu duniani, watu wazima wenye ndevu, wanaocheza vita mezani kwa askari wadogo wa chuma, kila mmoja urefu wa kidole gumba. Wana kanuni zao, dadu zao, na rula ya kupimia jeshi limesogea kiasi gani. Lakini baadhi yao hufika mahali wakaacha kujali nani ameshinda, wakaanza kujali askari wamesimama juu ya nini. Hao ndio wanaotengeneza sokle kubwa: ubao mpana wa kubebwa na watu wawili, wenye kilima, barabara, mto, nyumba iliyoungua, na jeshi zima limepangwa juu yake, si la kuchezwa tena bali la kutazamwa. Kizito alikuwa mmoja wa watu hao kabla hajawahi kumwona mwingine hata mmoja. Mwalimu mgeni aliyekuwa akitufundisha hesabu, alipoondoka kurudi kwao moja kwa moja, alimwachia sanduku la bati lenye askari hao pamoja na rundo la magazeti ya picha ya mchezo huo, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyekuwa akibaki baada ya masomo kucheza naye. Mimi niliingizwa kwa sababu ya mkono wangu. Nilikuwa nikiandika mabango ya saluni na ya vibanda vya simu, niliweza kuchora nyusi kwa brashi nyembamba kuliko njiti ya kiberiti, na Kizito alikuwa na jeshi zima lisilo na macho.

Mwaka ninaousema ni ule niliokaa nyumbani baada ya kumaliza sekondari. Chuo kikuu kiliambiwa kisubiri, na mimi nikaambiwa nisubiri pamoja nacho. Kila mgeni aliyepita kutusalimia aliniuliza sasa ninafanya nini, na sikuwa na jibu ambalo mtu angelielewa. Asubuhi nikishafagia na kuteka maji nilivuka njia kwenda kwa akina Kizito, hapo hapo Kamalondo, kwenye chumba cha nyuma kilichokuwa zamani cha kuwekea makala, yaani makaa ya kupikia. Kuta zake zilikuwa nyeusi hadi usawa wa kiuno na hakuna chokaa iliyowahi kukubali kushika pale. Meza yetu ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa mawili, bado una kitasa chake, na kitasa hicho kilinikwaruza nyonga mwaka mzima kwa sababu Kizito alikataa kukiondoa, alisema anatundikia kitambaa. Dirisha moja lilitazama baraza ya mafundi wa kushona, hivyo cherehani zao na maneno yao yaliingia kwetu tangu asubuhi hadi jioni. Mama Kizito, mama yake mzazi, alikuja kila mara kuweka jiwe mlangoni ili mlango ubaki wazi. Sikumlaumu. Mlaumiwa ni upepo wa kiangazi, ulioingia kwa mlango ule ukatupa vumbi jekundu juu ya kila jicho nililotoka kulipaka.

Mafundi walitujadili kana kwamba dirisha ni ukuta. Mmoja alishikilia kwamba tunatengeneza dawa. Mwingine alikuwa ameona askari mmoja dirishani, akaeleza wenzake kwamba ni vinyago vya kumroga mtu, na kwamba mtu huyo atakuwa mwenye nyumba yake, Mungu akipenda. Fundi mzee wao, aliyekuwa na tabia ya kusema neno moja na kurudi kwenye sindano yake, alimaliza ubishi siku moja kwa kusema, "Bale banaoana pole pole." Wakacheka hadi cherehani zikasimama. Hilo ndilo lililobaki. Mama Kizito mwenyewe alilichukua, mchana mmoja alituletea bukari na samaki wakavu ambao ndugu zake walimtumia kutoka Pweto, aliowapika na nyanya nyingi hadi nyama ikalainika, akaketi juu ya kiroba cha makala tukila, akaniambia bila kunitazama, "Béa, kama unamupenda mutoto wangu, sema. Usipitie ku basoda." Basoda wake ni hao askari. Kizito alikohoa mwiba. Mimi nilitamani kumwambia ukweli, ambao ulikuwa mwepisi na hakuna aliyeutaka: sikumtaka Kizito, nilitaka Kizito amalize kazi.

Maana hakuwa mtu wa kumaliza. Na hata kama angekuwa, magazeti yale yasingemruhusu. Kila maelezo ndani yake yalianza kwa kukutuma dukani. Chukua majani ya bandia ya namba fulani. Chukua maji ya bandia ya chupa mbili, uchanganye. Chukua povu gumu la rangi ya waridi, la unene huu. Tulisoma kwa Kifaransa cha shuleni, tukatazamana, tukafungua ukurasa mwingine, nao ukatutuma dukani. Nilipata hasira ya kweli kwa watu wale ambao sikuwajua, walioweza kuwa na duka zima la majani ya uongo. Kizito hakukasirika, na hilo lilinikasirisha zaidi. Alikwenda kwenye maduka ya vyombo vya umeme akarudi na frigolite, lile povu jeupe linalofungiwa friji mpya, akakata kilima kwa kisu cha jikoni. Kilikuwa kilima kizuri. Tukakibandika kwenye ubao kwa gundi ya fundi viatu, kwa kuwa ndiyo gundi kali kuliko zote tulizozijua, tukatoka kwenda kula. Tuliporudi kilima kilikuwa kimezama. Gundi ilikuwa imekila kuanzia chini, kimebaki ganda la juu, ukigusa kidole kinapita. Kizito aliinama akalitazama shimo lile kwa furaha, akasema siku moja tukihitaji shimo la bomu tunajua pa kulipata.

Baada ya hapo tukahamia gundi nyeupe ya maseremala, na gundi nyeupe ikatuletea balaa lake. Ina maji. Ukiipaka juu ya triplex, zile mbao nyembamba zilizogandamizwa, upande mmoja unakunywa na mwingine unabaki na kiu, na ubao unajikunja. Leo nina duka la vifaa vya ujenzi, ninauza triplex kutwa, na mteja akiniambia anataka kuibandikia kitu namwambia apake gundi pande zote mbili, juu na chini, ikauke sawasawa. Wananishukuru na kuniona mwenye elimu. Elimu hiyo ilinigharimu ubao mmoja ulioinuka pembe zote nne kwa siku chache, askari wakaanguka kuelekea katikati kwa pamoja kama waumini. Ubao wa pili tuliupaka pande zote. Ukanyooka. Nikasema, asante Mungu, sasa tunasonga. Ndipo Kizito akaamua kwamba udongo wa sokle utakuwa wa kichuguu.

Huku kwetu kila mtu anajua udongo wa kichuguu. Vichuguu vyetu vinashinda nyumba kwa urefu, matofali ya nusu ya mji yametoka humo, na udongo wake ukikauka hauombi msaada wa saruji. Kwa hiyo wazo lake halikuwa la kijinga, na mimi mwenyewe nilibeba ndoo. Alisema askari wale wa Ulaya, wenye kofia ndefu na mikanda myeupe, hakuna aliyewaalika. Wakitaka kupigana watapigania juu ya udongo wa Katanga. Tukaupepeta, tukauchanganya na gundi, tukautandaza, ukashika vizuri, wenye rangi ambayo hakuna chupa ya gazetini ingeipata. Lakini ilikuwa bado masika, na chumba kile kilikuwa na unyevu hata kiberiti kilikuwa hakiwaki. Asubuhi moja nilifungua nikakuta sokle imeota. Majani halisi, membamba, ya kijani kibichi, yamepasua kilima na barabara, moja limemnyanyua mpiga ngoma likamlaza chali. Tulikuwa tumesahau kwamba udongo una mbegu. Mama Kizito alicheka akashika mlango. Aliwaita mafundi waje waone shamba la mwanawe, na hiyo ndiyo mara pekee waliyoingia chumbani. Wakashauri tupande nyanya. Mimi nilitoka nje nikakaa juu ya ndoo nikalia kwa hasira, machozi ya kweli, kwa sababu ya majani. Kizito alikuja akasimama karibu, akasema udongo unaofuata tutaukaanga kwanza. Akaukaanga kweli, kwenye mbabula, jiko la makala la mama yake, kikaango kwa kikaango, na nyumba ikanuka udongo wa moto hadi kwenye mboga.

Katikati ya mwaka, baridi ya kiangazi ilipoingia, kazi ikapata mahali pa kwenda. Kizito alikuwa akiandika kwenye chumba cha intaneti, akiuliza dunia kama kuna mwingine, na akajibiwa kutoka Kitwe, ng'ambo tu ya mpaka, na mwalimu wa shule aitwaye Bwana Chanda. Alisema wako watu kadhaa huko, wengine wahandisi wa migodi, wengine wenye maduka, na kila mwaka mwezi wa kumi wanakutana kwenye ukumbi wa shule kuonyeshana kazi zao. Njooni na sokle yenu, aliandika, meza ipo. Nilisoma maneno yale nikiwa nimesimama nyuma ya kiti cha Kizito, nikayasoma tena. Niseme wazi nilichokitaka, kwa kuwa ndicho kilichonifanya nivumilie yote yaliyofuata. Nilitaka mtu mmoja anayeijua kazi hii aitazame yetu, aone kila tulichokifanya, na aelewe ni nini alichokiona. Sikutaka zawadi. Mwaka mzima nilikuwa nikiulizwa ninafanya nini, na nilitaka kufika mahali pamoja duniani ambapo jibu lingekuwa juu ya meza na wala nisifungue mdomo.

Kilichobaki kilikuwa mto. Vita vyetu vilikuwa vya kuvuka mto, jeshi moja likishuka ukingoni na jingine likingoja ng'ambo, na katikati kulikuwa na mfereji mtupu. Mimi nilisema tupake bluu, tumwagie verni, vanishi ya mbao, tumalize. Kizito alinitazama kwa huruma. "Luvua haina bluu," alisema. "Pale inatoka mu ziwa, iko kijani. Mi niliiona." Alikuwa ameiona utotoni, likizo kwa ndugu za mama yake kule Pweto, mahali ambapo Ziwa Mweru linaishia na mto Luvua unaanza, na alinieleza jambo hilo mara nyingi kuliko nilivyopenda: kwamba ukisimama pale huoni mpaka kati ya ziwa na mto, unaona tu maji yaliyokuwa yametulia yameanza kuwa na safari. Basi nikasema tupake kijani. Nikachanganya kijani, akakifuta. Nikachanganya kingine, akakifuta. Kisha siku moja alirudi na kifuko cha vipande vya malakiti, makombo ambayo wachongaji wa shanga na sanamu walikuwa wakiyafagia chini ya meza zao, akavimwaga juu ya mlango wetu na kuanza kuvipanga kwa kucha.

Mnaoijua malakiti mnajua kwamba jiwe hilo lina mistari, kijani kizito na kijani chepesi vikifuatana. Kizito alichagua kila kipande kwa mistari yake. Alivunja kwa nyundo, akasugua, akaweka, akaondoa, mpaka mistari ya kipande kimoja ikaendelea kwenye kipande cha pili na mkondo ukaanza kuonekana. Kisha alikuja kuona kwamba mkondo unapita upande usiofaa wa jiwe aliloliweka katikati ya mto, akabandua kila kitu kuanzia hapo. Alibandua mto ule mara ngapi sijui. Juni ilipita, Julai, Agosti. Mimi nilimaliza macho ya majeshi yote mawili, vifungo vya koti zao, hata kwato za farasi, na yeye alikuwa bado yuko kwenye kona ya mto. Tuligombana kila siku hadi ugomvi ukawa sehemu ya kazi. Nilimwambia Kitwe hawatamngoja. Akasema maji hayaendi hivyo. Nilimwambia hakuna mtu atakayejua. Akasema hao wa Kitwe watajua, si ndio maana tunakwenda? Hapo alinishika, kwa kuwa ndicho nilichokuwa nikikiamini pia.

Na alikuwa na mwiko mwingine ulionichosha. Tangu mto uanze alifunika sokle kwa kitenge na hakutaka mtu aione kabla ya Kitwe. Mama yake aliona vipande tu kwenye sahani. Mafundi walisahau. Nilimwomba tumwite mpiga picha wa pale kwenye kona, akakataa. Alisema picha ya chumba cha makala itakuwa ya makala, tutapiga kule kwenye ukumbi wenye mwanga. Basi siku alipobandika kipande cha mwisho na kupaka verni tulikuwa wawili. Ilikuwa mchana, cherehani zikilia dirishani. Verni ilipoingia, kijani chote kikashuka chini na kuwa kizito, na mistari ikaanza kutembea. Nilipiga hatua nyuma. Sikuwa nimewahi kufika Pweto na mpaka leo sijafika, lakini nilijua niko ukingoni mwa maji, na nilisahau hasira zangu zote za mwaka ule kwa muda wa kumtosha mtu kuvuta pumzi. Kisha Kizito akasema pale chini kushoto bado hapajamridhisha, nikafunika sokle kwa kitenge mimi mwenyewe.

Tulitoka Lubumbashi alfajiri kwa basi dogo, sokle imelazwa juu ya magoti ya abiria wanne wa kiti cha nyuma, wote wakinung'unika. Kasumbalesa malori yalikuwa yamejipanga hadi yasikoonekana, madereva wamelala chini ya matela yao, wabadilisha fedha wakituvuta mikono. Karatasi zetu zilikuwa safi. Kwenye kaunta ya forodha alikaa mama mmoja wa umri wa mama zetu, miwani puani, asiye na haraka wala ukali. Alituambia tufunue. Tukafunua. Aliinuka akazunguka kaunta, akainama juu ya ubao kwa muda mrefu, na mimi nikajaa fahari kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza kuiona.

"Batoto, hii njo nini?" aliuliza.

"Ni sokle, mama. Kintu ya kuonesha tu," Kizito akajibu.

"Na hii muto ya kijani, ni ya nini?"

"Malachite, mama. Ya kweli."

Alisema hivyo kwa majivuno, na niliona uso wa yule mama unabadilika kabla sijaelewa kwa nini. Alivua miwani. Akatueleza taratibu, kama mtu anayewasomesha watoto wake, kwamba malakiti ni shaba, na shaba haivuki hapo bila karatasi za madini, iwe lori zima au iwe kiganja. Nilitaka kucheka. Lubumbashi watoto wanarushiana mawe hayo barabarani. Tumekua tukiyakanyaga, yamo kwenye hereni za mama zetu, na katika miezi yote ile hakuna kati yetu aliyewahi kufikiri kwamba tunapeleka madini nje ya nchi. Tulikuwa tumehangaika na vyeti vya chanjo.

"Mama, hii haiko shaba," Kizito alisema. "Hii ni muto."

"Minaona ni muto, mwanangu. Muzuri sana hata. Lakini ni muto ya shaba." Akarudi kitini. "Mutoe mawe, mupite. Ao murudi nayo ku Lubumbashi."

Tulibeba sokle hadi kivulini kando ya jengo tukaiweka chini. Kizito alisema turudi. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama vile tumesahau chumvi nyumbani. Nami ndipo mwaka mzima uliponitoka mdomoni. Nilimwambia turudi wapi, kwenye mafundi, kwenye nyanya, kwenye kuulizwa unafanya nini? Bwana Chanda ametuwekea meza. Watu pekee wanaoijua kazi hii wako mwendo wa saa chache kutoka hapa, na kilima tunacho, na udongo tunao, na macho mia nimeyapaka mimi. Nilisema mengi, na mpaka leo naona nilikuwa na haki. Kizito akatoa kisu mfukoni, akanipa kwa upande wa mpini.

"Basi shika kisu weye," alisema. "Mi nitashika ubao, isipasuke."

Hakuondoka wala hakugeuza uso. Alipiga magoti, akaukandamiza ubao kwa viganja vyote viwili, na mimi nikaanza kubandua Luvua kutoka juu kuja chini. Gundi yetu ilikuwa nzuri. Kila jiwe lilitoka na ganda la udongo wake, likaacha shimo, na kila mara kisu kilipoteleza alisogeza kidole chake. Dereva mmoja wa lori alisimama akauliza tunachimba nini, akaenda zake. Nilipomaliza palikuwa na rundo la kijani juu ya saruji na mfereji mwekundu uliojaa vidonda. Yule mama alikuja akatazama, akaguna, akagonga karatasi zetu muhuri.

Ukumbi wa Kitwe ulikuwa na mwanga, hilo Kizito alikuwa amelisema kweli. Meza zilikuwa nyingi na juu yake kulikuwa na yale yote ambayo magazeti yalitutuma tukanunue: majani ya chupa, theluji ya chupa, maji ya chupa yanayong'aa. Nilitamani kurudi nje. Bwana Chanda, mtu mfupi mwenye tai, alitupokea kwa mikono miwili, akatusaidia kuweka sokle, akatupangia askari wawili walioanguka njiani. Kisha akauona mfereji. Aliinama kama alivyoinama yule mama wa forodha. Akawaita wenzake kwa Kiingereza, wakaja mmoja mmoja, wakainama. Akatugeukia akasema kwa Kibemba, ambacho Kizito alikisikia vizuri na mimi nusu nusu, kwamba hajawahi kuona mto uliokauka ulioigizwa vizuri namna hii. Wenzake wote wanahangaika na maji, alisema, na vijana hawa wamefikiria ukame. Tazameni yale mashimo, tazameni ganda la matope lilivyoinuka, ni kazi ya mkono uliotulia. Mzee mmoja alituomba tumweleze tumetumia kifaa gani. Wakapiga makofi. Nilimtazama Kizito, nikimngoja aseme. Nilikuwa na maneno yote tayari kinywani na sikuwa na Kibemba cha kuyabeba. Kizito alitabasamu, akaitikia kwa heshima, akasema ni kweli, kazi ilikuwa nyingi. Na jioni Bwana Chanda alipouliza kama wangeweza kubaki nayo pale ukumbini, iwe mfano kwa wengine, akakubali hapo hapo bila hata kunigeukia.

Katika basi la kurudi hatukuwa na kitu cha kubeba. Tulipita Chingola ndipo nikaweza kusema bila kupiga kelele. Nilimwuliza kwa nini hakuwaambia. Walikuwa pale, wale wale tuliowatafuta, wenye macho ya kuona, na wamesifu kidonda. Neno moja tu na wangejua palikuwa na nini.

"Ningebaambia nini?" alisema. "Balipenda bile baliona. Yule mama wa douane njo aliuona muto, muzima. Alisema ni muzuri."

Nikamwambia yule anajua nini, yule ni wa mihuri.

"Aliuita muto mbele ya kuuita shaba," Kizito alisema, akaegemeza kichwa kwenye kioo, akalala usingizi mzito wa mtu aliyelipwa.

Nilimkasirikia hadi Lubumbashi. Mwaka uliofuata mimi nilianza chuo, yeye akapata kazi kwa wasafirishaji, akaoa, tukawa watu wa kusalimiana. Hatukuzungumza habari ile tena, na nilidhani yeye ameisahau na mimi peke yangu ndiye ninayeibeba. Jana nimerudi kwa Mama Grâce. Nimekaa naye mchana mzima, watoto wamejipanga mkekani, nikawaeleza kilima, udongo uliokaangwa, farasi na kwato zao, mpiga ngoma, wakacheka pale pa kucheka. Kisha binti yake mkubwa akauliza mto wenyewe ulikuwaje. Yule mama wa Kasumbalesa sijui jina lake wala kama yu hai. Kizito hayupo. Nimebaki mimi tu niliyeuona, watoto wake wananitazama mdomoni, na nilichoweza kusema ni kwamba ulikuwa wa kijani.